Kunyamaza Si Kuondoka

Katika kazi ya kuandika programu za kompyuta kuna shughuli ambayo sisi tunaoifanya huiita kuhamisha. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya mtambo wa aina moja huchukuliwa ikafanywa ikae katika mtambo wa aina nyingine. Asiyeijua kazi hii hudhani ni kama kuhamisha kabati kutoka chumba hadi chumba: kinachotakiwa ni nguvu za mikono na mlango mpana. Aliyeifanya anajua kwamba inafanana zaidi na kumhamisha mtu mzima mwenye mazoea yake. Huyu huja na nguo na vyombo vyake, lakini huja pia na mambo ambayo hajawahi kuyasema kwa sababu kwao hayakuhitaji kusemwa: saa ya kula, namna ya kubisha hodi, siku ngapi za kimya zinatosha kuwatia majirani wasiwasi. Mambo hayo ndiyo yanayomsumbua ugenini.

Uhamisho ninaotaka kuueleza hapa ni wa maktaba iitwayo Zyre, kutoka katika kompyuta za mezani kwenda katika simu za mkononi. Msomaji asidhani nasema maktaba ya vitabu. Maktaba kwetu ni fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambalo mtu hulichukua akalitia ndani ya programu yake ili asirudie jasho la wenzake. Zyre imeandikwa kwa lugha ya C, na kazi yake ni kupeleka ujumbe kati ya mitambo iliyo katika mtandao mmoja wa Wi-Fi, bila seva ya kati na bila intaneti. Mitambo hukutana, hujuana, huunda kikundi, kisha huzungumza.

Aliyeianzisha pamoja na wenzake ni Pieter Hintjens, Mbelgiji aliyezaliwa Kongo mwaka 1962 na kukulia Afrika Mashariki. Kampuni yake, iMatix, ndiyo iliyoanza mwaka 2007 kutengeneza ZeroMQ, maktaba ya ujumbe ambayo Zyre imejengwa juu yake. Iwe ni kwa bahati au kwa malezi, taratibu za Zyre humfanya Mswahili ajisikie nyumbani. Kila sekunde moja, mtambo wenye Zyre hupiga hodi. Hodi hiyo ni paketi ndogo ya baiti 22 inayotupwa kwa wote walio katika mtandao kupitia mlango namba 5670. Ndani yake mna herufi tatu, Z, R na E, baiti moja ya toleo, baiti 16 za kitambulisho, na baiti 2 za namba ya mlango ambako mwenye kubisha anapatikana. Anayeisikia huitika, na tangu hapo wawili hao huzungumza moja kwa moja. Kuna kumnong'oneza mmoja, na kuna kupaza sauti kwa kikundi kizima. Kuna hata kuaga: anayeondoka kwa adabu hupiga hodi ya mwisho ambayo namba yake ya mlango ni sifuri, na wenzake wakaelewa kwamba hayupo tena.

Na kuna sheria ya kimya. Mwenzako asiposikika kwa sekunde 5, Zyre humshuku na kumwuliza kama yupo. Asiposikika kwa sekunde 30, humfuta katika orodha, na kwa wenzake huwa sawa na aliyeondoka. Mwenye programu anaweza kuubadilisha muda huo, lakini ndio unaokuja na maktaba. Kwa kompyuta iliyochomekwa katika umeme ni sheria ya haki kabisa. Kompyuta ya namna hiyo hailali kazini. Ikinyamaza nusu dakika, ama imezimwa ama waya umekatika.

Lugha ya C yenyewe ni msafiri mzoefu. Dennis Ritchie aliitengeneza katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 mfumo wa Unix uliandikwa upya kwa C, na kufikia mwaka 1978 ulikuwa umekwisha kuhamishiwa katika mitambo ya Interdata, isiyofanana na ile iliyouzaa. Tangu hapo ni shida kupata mtambo usio na mkalimani wa C. Android iliwafungulia watu mlango wa kutumia C mwaka 2009, na iPhone, ambayo lugha yake ya awali, Objective-C, ni C iliyoongezewa mambo, huipokea kama ndugu. Wapo waliochagua njia nyingine: JeroMQ, kwa mfano, ni ZeroMQ iliyoandikwa upya yote kwa Java. Hiyo ingetosha kwa Android peke yake. Lakini mimi nilikuwa na Android na iPhone katika chumba kimoja, na sikutaka ahadi ileile iandikwe mara mbili kwa lugha mbili, kisha siku moja zipishane.

Chumba hicho kilikuwa cha kikundi cha kuweka na kukopa, pwani ya kusini mwa Tanzania. Vikundi vya namna hii vimeenea Afrika. Mtindo wake ulianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ingawa upatu wa bibi zetu ni wa kale kuliko mashirika yote. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, na fedha huwekwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Kikundi hiki kilitaka daftari lake liwe na tabia ya sanduku lake: lisiwe mkononi mwa mtu mmoja. Kila mwenye simu abaki na nakala yake ya mahesabu, na kila katibu anapoandika, maandishi yafike katika simu zote papo hapo. Mtandao wa simu pale ni wa kubahatisha, na bando ni fedha. Ruta ndogo ya betri, isiyo na intaneti, ilitosha. Ungesema Zyre ilitengenezwa kwa ajili yao.

Matatizo ya mwanzo yalikuwa ya aina ambayo fundi huyategemea. Katika C herufi moja hukaa katika baiti moja, lakini lugha haikuamua kama baiti hiyo inaweza kubeba namba hasi. Katika kompyuta nyingi za mezani inaweza. Katika Android yenye prosesa ya ARM haiwezi. Katika iPhone, ambayo prosesa yake ni ARM vilevile, inaweza. Kwa hiyo mstari uleule ukihifadhi -1 husomwa -1 huku na 255 kule. Kazi ya C inayoorodhesha njia za mtandao zilizomo katika mtambo, iitwayo getifaddrs, haikuwamo katika Android hadi toleo la 7.0 la mwaka 2016, hivyo kwa simu kuukuu ilibidi iandikwe upya. Tena Wi-Fi ya Android, ili kuokoa betri, huchuja paketi zisizotajwa kuwa za simu hiyo hasa. Programu inayotaka kusikia hodi za wote lazima iombe kufunguliwa, na ikifunguliwa betri huliwa.

Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, mwenye simu lazima akubali kwanza programu izungumze na mitambo jirani, na kutupa paketi kwa wote kunahitaji kibali maalumu cha Apple. Pale kikundini iPhone ilikuwa moja tu, kuukuu, aliyoletewa mwanachama na mwanawe aliyeko Maskati. Kwa ajili ya simu hiyo moja kikundi chote kilihamia katika njia ya pili ambayo Zyre inayo, na ambayo waundaji wake wameiita, kwa lugha yao, umbeya: kila mtambo hujulishwa anwani ya mmoja, na huyo ndiye anayeeneza habari za wengine. Mmoja huyo akawa simu ya katibu. Kina mama walicheka sana nilipowaeleza. Umbeya wao, walisema, haujawahi kuomba kibali.

Suala la biti lilikuwa zito zaidi kwa sababu halikuwa la ufundi peke yake. Kati ya simu 16 zilizokuwapo, 5 zilikuwa za biti 32. Tangu Agosti 2019 duka la programu la Google hudai kila programu yenye maandishi ya C iwe na toleo la biti 64, na mwenzangu mmoja katika kazi alinishauri niandae toleo hilo tu, nilitupe lile la zamani, nipunguze kazi kwa nusu. Ofisini ushauri huo una mantiki. Pale kijijini maana yake ilikuwa kwamba wanachama 5, wale wenye simu za bei ya chini kabisa, watakaa kikaoni wakisomewa fedha zao na wengine. Niliandaa matoleo mawili. Katika C, namba ya aina iitwayo long huchukua baiti 4 katika simu ya biti 32 na baiti 8 katika simu ya biti 64, kwa hiyo kila kiasi cha fedha kiliandikwa kwa baiti 8 zilizotajwa waziwazi, yenye uzito mkubwa ikitangulia, ili shilingi ya simu hii iwe shilingi ya simu ile.

Baada ya hapo tulifanya kikao cha majaribio, na muda wa kimya niliuacha makusudi kama ulivyotoka kwa waundaji, nione utawafaaje. Tulianza saa tisa. Simu zote 16 ziliingia. Ilipofika saa kumi, orodha ya waliopo katika simu ya katibu ilikuwa na majina 7. Hakuna aliyekuwa ameinuka mkekani. Katibu, kwa mazoea ya kikundi, akaanza kusoma majina ya wasiokuwapo, maana asiyehudhuria hutozwa faini.

Bibi mmoja, mwanachama wa tangu siku ya kwanza, simu yake ikiwa mapajani imefunikwa na leso, alinigeukia mimi wala si katibu.

"Mwanangu, hicho chombo chako kinasema mimi sipo?"

"Kinasema simu yako haisikiki, bibi," nilimjibu.

"Nimekaa hapa tangu nitoke kusali adhuhuri. Sikusema neno kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Kwenu huko mtu akinyamaza ndiyo amekwenda?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na mimi sikucheka. Nilimwomba aifungue simu. Ilizinduka na kujiunga upya kama mgeni aliyefika sasa hivi. Maandishi manne yaliyotangazwa ikiwa imelala haikuwa nayo, kwa sababu Zyre haimwekei ujumbe iliyemfuta. Mojawapo ya hayo manne lilikuwa la hisa zake mwenyewe, alizozilipia mbele ya macho ya watu wote.

Simu ya bibi haikuwa mbovu. Ilifanya ilichoundwa kufanya. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu isiyochomekwa katika chaji, iliyotulia na kuzimwa kioo, huingia usingizini: mtandao hukatwa kwa programu zilizomo, hufunguliwa kidogo baada ya muda, kisha hukatwa tena. iPhone nayo huigandisha programu muda mfupi baada ya mwenye simu kuiacha. Watengenezaji mbalimbali wameongeza juu yake kanuni zao za kubana betri, na pale mkekani niliona kwamba kadiri simu ilivyokuwa ya bei ndogo ndivyo ilivyolala mapema. Betri yake ni ndogo, kumbukumbu yake ni finyu, na kulala ndiko kunakoiwezesha kufika jioni. Kwa hiyo sheria ya sekunde 30, ambayo haikukusudia kumwonea mtu, ilipofika simuni iligeuka sheria ya kuwafuta kwanza wenye kidogo. Katika maandishi yote ya C niliyoyapitia, hapakuwa na mstari wenye kosa. Kilichokuwapo ni dhana moja isiyoandikwa popote: kwamba aliye hai hujibu upesi.

Palikuwa na njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni kuikataza simu isilale. Android inaruhusu hilo kwa kiasi, programu ikikaa mbele na kuonyesha tangazo kwamba inafanya kazi. Lakini katika kijiji ambako wengine huchaji simu kibandani kwa malipo, kuimaliza betri ya mtu ili mashine isimwite mtoro ni kumtoza faini ileile kwa njia ya uani. Ya pili ni kurefusha muda, sekunde 30 ziwe saa 3. Hapo hakuna atakayefutwa, lakini na aliyeondoka kweli ataonekana yupo, na ujumbe wake utarundikana ukimngoja asiyekuja. Maktaba isiyojua tofauti ya aliyelala na aliyeondoka, ukiipa muda mrefu umeirefushia kutojua kwake, basi.

Njia ya tatu sikuibuni mimi. Kikundi kile, kama vikundi vingi vya aina yake, hufunga kikao kwa kutaja salio kwa sauti, na hufungua kikao kinachofuata kwa kuulizana, "Tulifunga na shilingi ngapi?" Wote hujibu kwa pamoja. Asiyekuwapo wiki iliyopita husema alichokijua mara ya mwisho, naye huelezwa kilichotokea tangu hapo. Kwa utaratibu huo hata asiyejua kusoma ni mlinzi wa sanduku. Hakuna anayetakiwa kuwa macho wakati wote. Kinachotakiwa ni kila mtu kujua alipoishia, na wenzake kuwa tayari kumjazia.

Nilichofanya ni kuifundisha programu adabu hiyo. Kila andiko la katibu lilipewa namba yake, 1, 2, 3, na kuendelea. Kila simu hukumbuka namba ya mwisho iliyoipata na kuihifadhi, hata programu ikifungwa. Simu inapozinduka haijitii mgeni. Humnong'oneza katibu, "Mimi niliishia 41," na katibu humrudishia 42 hadi ya mwisho. Simu iliyo macho ikisikia 45 baada ya 43, hujua kwamba 44 imepotea njiani na huiomba. Ndani ya Zyre yenyewe sikugusa kitu ila ule muda, nao niliuongeza kidogo tu, kwa sababu kufutwa katika orodha ya mtandao hakukuwa tena na madhara. Katika kioo cha katibu, neno lililosema mtu hayupo niliondoa. Badala yake kuna habari mbili zilizotengwa: simu fulani iko kimya tangu saa fulani, na simu fulani imeaga. Ya kwanza si habari ya mtu hata kidogo. Ni habari ya betri.

Kutenga huko nilikupata ndani ya Zyre yenyewe, katika ile hodi ya mwisho yenye mlango sifuri. Waundaji walijua kwamba kuondoka ni tendo, na wakaliwekea neno lake. Hintjens mwenyewe aliondoka kwa namna hiyo. Alikuwa na saratani, na mwezi Aprili mwaka 2016 aliandika hadharani kwamba anakufa, akaeleza ni maneno gani humfaa mtu aliye katika hali yake na yapi hayamfai. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, siku aliyoichagua mwenyewe kama sheria ya Ubelgiji inavyoruhusu. Aliaga. Wengi wetu hatutapata nafasi hiyo, na wengi tunaowadhani wametuacha wamelala tu, au hawajaulizwa.

Nimehamisha programu nyingine tangu wakati ule, na kila mara naanza kwa kutafuta namba ndogo zilizojificha: sekunde 5, sekunde 30, mara tatu kisha uache. Kila namba ya namna hiyo ni maoni ya mtu juu ya maisha ya wengine. Aliyeiandika aliitazama kompyuta iliyokuwa mbele yake, yenye umeme na waya, akaona kwamba inatosha. Kwake ilitosha. Fundi anayehamisha hapaswi kumlaumu, lakini hapaswi pia kuibeba namba hiyo ng'ambo bila kuwauliza watakaoishi nayo, hasa wale ambao simu zao hulala mapema.

Kikundi kiliamua pia jambo moja ambalo halikuhitaji C wala Zyre. Mahudhurio yalitolewa kabisa mikononi mwa simu. Faini ni ya mtu, wakasema, na mtu huulizwa kwa jina lake. Siku hizi kabla ya sanduku kufunguliwa katibu huita majina kutoka daftari la karatasi, mmoja mmoja, akingoja kila anayeitwa aitike.